Subira Isiyo na Tarehe ni Mkopo wa Bure: Mastaa, Mijengo ya Kwenye Picha na Aibu Inayofunga Midomo

Picha huwa ni ileile. Helmeti ya njano kichwani, kizibao cha kung'aa, vidole viwili juu, na nyuma nguzo za zege zenye nondo zilizochomoza kama nywele za mtu aliyetoka kuamka. Chini yake maneno: "Mungu ni mwema, mjengo unakuja." Likes zinamwagika, mastaa wenzake wanaweka moto na makopa, mashabiki wanaandika "hongera mama, wewe ni mfano." Halafu basi. Picha ya pili, ile ya funguo mkononi na mlango ukifunguliwa, haiji. Mwaka unapita, wa pili unapita, haiji.

Na mwenye picha haulizi kitu hadharani. Hapo ndipo wenye miradi wanapokula.

Ukweli usemwe: kwa Dar ya leo, kununua nyumba ambayo bado haijajengwa limekuwa jambo la kawaida kwa vijana wenye kipato. Kiwanja cha Mbezi Beach au Mikocheni hakishikiki. Kujenga mwenyewe kunataka roho ngumu, maana kuna mafundi wanaopotea na advansi na mifuko ya saruji inayopungua usiku. Basi anatokea mwendelezaji na video tamu ya kompyuta: bwawa la kuogelea, jimu, watoto wanakimbia kwenye bustani ambayo kwa sasa ni dimbwi la maji ya mvua. Lipa asilimia 30 leo, kinachobaki kwa awamu, uhamie baada ya miezi 18. Wazo lenyewe halina ubaya. Wapo waliolipa hivyohivyo, wakasubiri, wakahamia, na leo wanalala kwao. Shida inaanza pale miezi 18 inapotimia na lifti bado ni shimo.

Kuna muigizaji mmoja wa tamthilia, jina kapuni, ambaye sura yake iko kwenye runinga karibu kila jioni. Alinunua apatimenti ya vyumba vitatu, ghorofa ya sita, upande wa kaskazini wa jiji. Aliposti siku ya kusaini, akaposti nguzo, akaposti hadi sampuli za tailzi. Sasa ni mwaka wa tatu. Jengo limefika juu, limepigwa rangi upande ule tu unaotazama barabara, na limesimama. Chanzo cha karibu naye kinapasha kuwa ameshatoa zaidi ya robo tatu ya bei. Mashabiki walipoanza kuuliza "mama, tunakuja lini kuzindua mjengo?", alikodi apatimenti yenye fenicha kwa siku mbili, akabadilisha nguo mara kumi na mbili, akapata picha za "nyumbani" za kumfikisha mwisho wa mwaka.

Kumcheka ni rahisi. Lakini alichofanya yeye kwa kamera, watu kibao wa kawaida wanakifanya kwa mdomo. Wanawaambia wazazi nyumba "inamaliziwa". Wanamwambia mchumba "bado umeme tu". Ofisini wakiulizwa wanabadilisha mada. Mtu ameshapongezwa, ameshakunywa soda za kupongezwa, ataanzia wapi kusema kwamba ana mkataba mkononi na hana mlango? Mficha maradhi, kifo humuumbua, wahenga walishasema. Ila kwenye biashara hii, kabla kifo hakijamuumbua mgonjwa, kuna mtu anapiga hela kwa ukimya wake.

Mwenye mradi anaijua aibu hiyo vizuri kuliko mnunuzi mwenyewe. Anajua kwamba mtu aliyeposti hatapiga kelele. Ndiyo maana mauzo yanaanza na hafla, zulia jekundu na mpiga picha wa kulipwa. Ile picha ya helmeti inatangaza mradi, sawa, lakini pia inamfunga mnunuzi mdomo kabla hajapata cha kulalamikia.

Sasa hesabu, maana mapenzi na pesa hayakai meza moja. Chukulia mnunuzi wa kawaida, wala si staa. Nyumba ni shilingi milioni 180. Ametoa asilimia 30, yaani milioni 54. Amepanga Sinza kwa laki sita kwa mwezi, na mwenye nyumba wake, kama walivyo wengi mjini hapa, anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mradi ulitakiwa kuisha Juni. Mei anaambiwa, "Ni Agosti tu, tunamalizia." Miezi miwili ya mwenye mradi inamgharimu miezi sita ya kodi, milioni 3 na laki 6, kwa sababu hakuna mwenye nyumba atakayempangisha kwa miezi miwili. Agosti inageuka Desemba. Januari analipa tena. Kuchelewa kukifika mwaka na nusu, ameshatoa milioni 10 na laki 8 za kodi ambazo hazikuwa kwenye bajeti. Halafu zile milioni 54 zingekaa mahali zikazaa hata asilimia 10 tu kwa mwaka, kwa miezi hiyo 18 zingempa milioni 8 na laki moja. Jumla, karibu milioni 19 zimeyeyuka. Na hapo hazijahesabiwa awamu nyingine alizoendelea kulipa kila alipokumbushwa.

Mwenye mradi angeenda benki kukopa milioni 54 hizohizo, angetakiwa kuweka dhamana, kulipa riba, na akichelewa, ofisa mikopo angempigia mpaka azime simu. Kwa mnunuzi hakuna riba wala dhamana, na anayekosa usingizi ni yule aliyekopesha. Huo ndio mkopo wa bure unaoitwa "uwe na subira, dada yangu."

Hilo neno subira nalo limechoshwa. Subira yavuta heri, kweli, lakini mkulima anayesubiri mahindi anajua mvua zinaanza lini na mavuno ni mwezi gani. Mwenye mradi akishindwa kujibu "lini", anajibu "vumilia". Mnunuzi akiuliza kwa nini saiti ina walinzi wawili na paka, anaambiwa asiwe na presha. Akiuliza mara ya tatu, meseji zinapigwa tiki za bluu na kimya. Akikutana na mtu wa mauzo uso kwa uso, anaambiwa kuna wateja wanaitaka nafasi yake, kama amechoka aseme. Hiyo si lugha ya mtu anayedaiwa nyumba.

Kuwatendea haki wajenzi, si kila kuchelewa ni utapeli. Masika ya Machi hadi Mei yanaweza kusimamisha msingi. Vifaa vinakwama bandarini. Halafu kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui: zege ndiyo kazi inayoonekana, na kwa hiyo ndiyo inayopigwa picha, lakini jengo likifika juu bado kuna nyaya, mabomba, lifti, madirisha, tailzi, transfoma, maji na mfumo wa zimamoto. Umaliziaji unaweza kula muda mrefu kama kunyanyua jengo zima, na unakula hela nyingi bila kubadilisha chochote mtu anachokiona akiwa barabarani. Hata Shirika la Nyumba la Taifa, lenye serikali nyuma yake, miradi yake ya Morocco Square na Kawe ilisimama kwa miaka kabla ya kuendelea. Kwa hiyo kuchelewa kunaweza kumkuta hata mtu mwaminifu.

Tofauti inaonekana kwenye namna anavyochelewa. Mwaminifu anatuma barua kabla ya tarehe kufika, anataja sababu, anatoa tarehe mpya, na anasimamisha kudai awamu mpaka kazi isogee. Mwingine anaendelea kutuma ankara kana kwamba jengo linapanda, huku mkandarasi ambaye hajalipwa ameshaondoa winchi yake. Pesa za waliotangulia zinakwenda kutangaza mradi wa pili, na wanunuzi wa mradi wa pili wanatarajiwa kuja kumalizia wa kwanza. Mauzo yakipoa, yote miwili inasimama.

Hapo ndipo wanapoingia mabalozi. Kuna msanii mmoja wa Bongo Fleva, mkubwa tu, aliyefanya tangazo la mradi kama huo akiwa amevaa suti nyeupe, akisema "familia yangu imechagua hapa, na wewe karibu." Maneno yanayovuma ni kwamba alipunguziwa bei ya apatimenti moja kama malipo ya ubalozi. Mradi uliposimama na komenti zilipoanza kuchafuka, posti zilifutwa usiku mmoja. Shabiki mmoja alimfuata inboksi kumweleza kwamba alinunua kwa sababu yake, akajibiwa "mimi balozi tu, wafuate ofisini", kisha akapigwa blok.

Balozi tu. Alipokuwa anaingiza pesa alikuwa familia, zilipokwama akawa balozi tu. Akitangaza juisi mbaya, shabiki anapoteza buku na kuumwa tumbo siku moja. Akitangaza nyumba, shabiki anatoa akiba ya miaka sita, na pengine kiinua mgongo cha mama yake. Vitu hivyo haviwezi kuwa na uzito mmoja. Staa anayechukua hela ya nyumba angetakiwa kuuliza maswali matatu kabla ya kuvaa suti: ardhi ni ya nani, kibali cha ujenzi kipo, na nini kinatokea mradi ukichelewa? Asipopata majibu, asiitaje familia yake. Na mambo yakiharibika, posti ibaki pale pale, aongeze tu chini yake kwamba na yeye anasubiri. Kufuta ni kumsaidia mwenye mradi kufuta ushahidi.

Mastaa haohao wanapenda Dubai. Kila mwezi wapo kule wanapiga picha chini ya maghorofa. Wangeuliza tu maghorofa yale yanauzwaje. Dubai ina sheria tangu 2007 inayotaka pesa za wanunuzi wa nyumba ambazo hazijakamilika ziwekwe kwenye akaunti maalumu ya mradi huo, zitoke kufuatana na kazi iliyofanyika. India walipitisha sheria yao 2016: asilimia 70 ya pesa za wanunuzi zikae kwenye akaunti ya pekee kwa ajili ya ardhi na ujenzi wa mradi huohuo, na mwendelezaji akichelewa, mnunuzi anaweza kudai pesa yake na riba, au akibaki kwenye mradi alipwe riba ya kila mwezi wa kuchelewa. Huku kwetu sheria ya kusimamia sekta ya milki imekuwa ikizungumzwa kwa miaka na miaka. Wakati inazungumzwa, ulinzi wa mnunuzi ni karatasi aliyosaini.

Na karatasi hizo zisomwe, hasa ukurasa wa adhabu. Mara nyingi mnunuzi akichelewesha awamu kuna faini, na akizidi, mkataba unavunjwa na sehemu ya hela inabaki kwa mwenye mradi. Mwenye mradi akichelewa, yanatokea maneno laini: "tarehe inayokadiriwa", "sababu zilizo nje ya uwezo". Mkataba usiotaja tarehe unamwacha mnunuzi akabishane mahakamani "muda wa kuridhisha" ni muda gani. Wenye tarehe unampa pa kushika, maana Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kifungu cha 73, inampa aliyeumizwa na uvunjaji wa mkataba haki ya kudai fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na uvunjaji huo. Zile risiti za kodi ya Sinza ambazo watu wanazitupa zinaweza kuwa ushahidi.

Tena kuna jambo linalotisha zaidi ya kodi. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2008 inaruhusu kila apatimenti kuwa na hati yake, lakini hati hiyo haitoki kwa jengo lililo nusu. Muda wote wa kusubiri, ardhi inabaki kwa jina la mwenye mradi, na inaweza kuwa imewekwa rehani benki. Mnunuzi anaweza kwenda kwa Msajili wa Hati kufanya upekuzi na kuona kama rehani ipo. Ni wangapi wamekwenda? Wengi wanajua rangi ya kabati zao za jikoni lakini hawajui kiwanja kina deni.

Sasa aje huyu wa tatu. Ni mchekeshaji, wengi wanamjua kwa sauti tu. Naye alinunua, naye akacheleweshewa, na naye alikuwa ameposti helmeti. Mwezi wa nne wa kuchelewa aliandika kwenye stori yake mstari mmoja: "Walionunua mradi huu, njooni inboksi." Hakutukana wala hakutaja mtu. Wakaja watu 18. Wakafungua grupu la WhatsApp na ndani ya saa moja wakagundua kila mmoja amepewa tarehe yake: huyu Machi, yule Juni, mwingine "baada ya Ramadhani".

Walichanga, wakaweka wakili mmoja. La kwanza aliwaambia wasiache kulipa kienyeji, maana wao ndio wangeonekana wamevunja mkataba. La pili, wakamtafuta mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa, akaenda saiti, akaandika kazi imefika wapi, asilimia kwa asilimia. Likaenda dai la maandishi kwa niaba ya wote 18, likiwa na taarifa hiyo na risiti za kodi. Mwenye mradi, ambaye kwa miezi minne alikuwa "safarini", akapatikana kwa wiki moja. Ikasainiwa nyongeza ya mkataba: tarehe mpya, awamu zinalipwa kwa hatua ya ujenzi badala ya kalenda, na kila mwezi wa kuchelewa unakatwa kwenye bei.

Haikuwa hadithi ya malaika. Tarehe mpya nayo ilipita kwa miezi mitatu, na mchekeshaji alihamia lifti haijaanza kazi, akawa anapandisha mtungi wa gesi begani hadi ghorofa ya tano. Ila miezi yake mitatu ilikatwa kwenye bei, na siku ya funguo alikuwa na majirani 17 anaowajua kwa majina.

Angalia alichokuwa nacho yeye ambacho muigizaji wa tamthilia hana. Sio hela, maana dada ana hela kumzidi. Sio wakili, maana mawakili wamejaa mjini. Alikubali kuonekana amekwama. Mstari mmoja tu wa stori, na ukuta uliokuwa unawatenganisha wanunuzi ukaanguka. Mwenye mradi anaweza kumtuliza mtu mmoja mmoja kwa mwaka mzima. Hawezi kuwapa watu 18 waliokaa grupu moja tarehe 18 tofauti.

Na hapa lawama zishuke hadi kwa wanaokaa kwenye komenti. Mtu akithubutu kusema nyumba yake imekwama, yanayomwagika chini ni: "Si ulituringishia?" "Mjini shule." "Ungejenga Chanika ungekuwa umehamia." Kila komenti ya namna hiyo inamfundisha mnunuzi mwingine anayesoma kimyakimya aendelee kukaa kimya. Wanaocheka wanadhani wanamkomoa staa, kumbe wanamlinda mwenye mradi, bure, bila hata kulipwa ubalozi. Na wengi wao wana ndugu, bosi au rafiki aliyetoa asilimia 30 mahali fulani na sasa anakwepa swali la "unahamia lini?"

Kwa anayesubiri sasa hivi, kazi ya wiki hii ni fupi. Atafute ukurasa wa tarehe kwenye mkataba. Aende saiti siku ya kazi, si Jumapili, ahesabu mafundi, na asome bango la mradi kuona mkandarasi na washauri ni akina nani. Afanye upekuzi wa ardhi. Aulize tarehe kwa maandishi, sio kwa simu. Aweke risiti za kodi kwenye bahasha moja. Kisha afanye lile gumu kuliko yote: amtafute mnunuzi mwenzake na amwambie, "Mimi bado sijapewa nyumba. Wewe je?"